Maganda

Gunia la kwanza nililijaza mimi.
Maganda ya korosho kutoka kiwandani, bure,
maana nani anunuaye maganda?
Ausi akalining'iniza kwenye boriti ya choo cha zamani,
pale Chikongola, nyuma ya nyumba ya mama,
akawa analitwanga kabla ya adhana ya alfajiri
hata jirani akauliza: hawa wanakoboa nini usiku?

Hatukujua ganda lina kisasi.
Wiki ya tatu mafuta yalipenya katani,
yakamla vifundo vya vidole
kama yalivyonila mimi miaka minne mezani kwa mabanguaji.
Aliweka mkono wake juu ya wangu.
"Dada, sasa tumefanana."

Ngumi za ridhaa, ndivyo walivyoziita,
na neno hilo nililipenda: lina radhi ndani yake.
Kofia ya sponji. Fulana nyekundu
niliyoifua kwa sabuni ya kipande,
jina la mkoa limeshonwa kombo mgongoni.
Raundi tatu tu, na kengele ilikuwa rimu ya gari
ikigongwa kwa spana na Kocha Mtipa.
Lindi alimpiga kijana wa polisi.
Songea walimnyima pointi, akawapa mkono majaji wote.
Morogoro alirudi na medali,
tukaitundika kwenye msumari wa chandarua.
Mama, asiyejua ngumi, alijua kung'arisha:
kila Ijumaa, majivu na ndimu,
mpaka siku moja dhahabu ikabanduka
na chini yake pakawa bati.

Hakuna aliyesema neno.

Msimu ule korosho zilipolala ghalani bila mnunuzi
alishuka promota Kirumbi kutoka Dar, na karatasi.
Kurasa nne. Ausi aliishia kidato cha pili;
nikamsomea kwa tochi ya simu,
nikirudi nyuma kila nisipoelewa,
na nisipoelewa palikuwa pengi.
Bondia atajigharamia vipimo.
Bondia atauza tiketi hamsini.
Asilimia thelathini, ya nini, hawakuandika.
Ngumi za kulipwa.
Akatia dole gumba, ingawa jina lake analiandika vizuri,
akasema ngumi ndiyo kalamu yake,
akacheka peke yake.

Tiketi niliuza kumi na tisa,
nyingi kwa mkopo, kwa wanawake wa zamu yangu.

Ukumbi wa disko, siku ya Idi pili.
Bila kofia. Bila fulana.
Kifua chake chini ya taa za rangi:
sijakiona wazi vile tangu nikimwogesha karaini.
Na kona ya pili, Beno Lukanga wa Ndanda,
waliyelala naye godoro moja kambini Morogoro,
ndiye aliyemfunga bandeji siku ya fainali.
Kwenye mizani waliambiwa watukanane kwa ajili ya picha.
Beno alisema, "Ng'ombe wewe,"
wakashindwa wote wawili kukunja uso.

Raundi ya nne nyusi ya Beno ilifunguka.
Nilimwona Ausi akimtazama mwamuzi,
akisubiri ile hesabu ya zamani, ile huruma ya fulana nyekundu.
Mwamuzi akasema: "Cheza!"
Akacheza.
Mkono wa kushoto, chini ya mbavu,
na Beno akakaa taratibu
kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani.

Wanawake wa kiwandani waliruka juu ya viti.
Mimi nilikuwa natafuta ndoo ya maji, nisijue ya nani.

Bahasha tuliihesabu mara mbili.
Ya Kocha Mtipa. Ya vipimo.
Ya tiketi thelathini na moja zisizouzwa.
Ikabaki ya bati sita na kilo ya misumari,
upande wa chumba cha mama.
Na elfu kumi aliituma Ndanda kwa simu, bila ujumbe.
Beno akairudisha,
makato akalipa yeye.

Pambano lijalo ni Agosti. Raundi nane.
Gunia limepasuka ubavuni.
Kesho, nikitoka zamu,
nitaomba maganda mengine.